Betri Zangu Hazitoki Sauna

Hilja Ruona
Nyumba ya mwisho kabla ya ziwa
Kuusi Point, Michigan
Februari

Kwa Bwana Dale Harju,
Mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi

Ndugu Mwenyekiti,

Huna haya. Nimeanza na hilo lisije likasahaulika huko mbele. Mtu mzima mwenye mvi unabandika karatasi kwenye mlango wa sauna yetu ya kuogea kwa mvuke, eti "Betri zote ziondolewe kabla ya Jumamosi," halafu unakimbilia garini kama mwizi wa kuku! Ungegonga kwangu. Kahawa ilikuwepo, mkate wa iliki ulikuwepo. Mimi nilikufunga nepi, Dale. Karatasi yako hainitishi.

Shule niliishia darasa la sita, lakini kuandika najua, na malalamiko yangu nimeyatia namba ili wewe uliyesoma chuo usipotee njiani.

1. Umeme wa banda. Kila Novemba ikiingia kamati inazima umeme kwenye banda la vigari vyetu vya gofu, na chaja zote zinalala. Najua ulitangaza kwenye mkutano wa Oktoba, kila mtu ajaze betri zake kabla. Nilikuwepo. Ila ulipokuwa unatangaza mimi nilikuwa namweleza mkeo jinsi kahawa yake ilivyokuwa nyepesi, na jambo hilo nalo lilikuwa la muhimu. Halafu theluji ilikuwa bado haijashika. Nilikuwa bado naendesha! Jioni ya mwisho nilitoka kucheza karata kwa Lempi Ojala, nikachomeka kigari changu, asubuhi nakuta taa ya chaja imekufa. Betri zangu zimekatiwa chakula kijiko kikiwa mdomoni. Unajiita mtu wa kanisa.

2. Miguu yangu. Unajua nyonga yangu ilivyo. Kigari kile ndicho kinachonifikisha kwenye sanduku la barua, kwa Lempi, na makaburini kwa marehemu mume wangu. Sasa binti yangu Marlene amepiga simu kutoka Lansing. Akasema, "Mama, barafu ikitoka ziwani nakuja. Kigari kikiwaka, baki na ziwa lako. Kisipowaka, tunauza nyumba, unakuja kukaa na sisi." Nikamwambia, "Wewe unaniuza mimi au nyumba?" Akacheka, lakini alikuwa hatanii. Chumba alichonitengea kinatazama maegesho ya duka la matairi. Kuna paka pia. Kwa hiyo, Mwenyekiti, ukisikia nasema betri, elewa kwamba nasema maisha yangu.

3. Sementi. Marehemu baba yangu alisema betri ikilazwa juu ya sementi, sementi inainyonya. Alikuwa fundi wa mgodini, hakuwa mtu wa porojo. Mimi nilipoingia bandani mwezi wa kwanza nikakuta kigari kimesimama juu ya sementi tupu, barafu imeota mpaka kwenye usukani. Ndiyo, kati ya betri na sementi kuna matairi manne. Usinijibu hilo. Sementi ya banda lako ina tamaa.

4. Sauna. Hapa ndipo unaponishangaza kabisa, wewe Mfini mtoto wa Wafini walioleta sauna huku. Mimi nilizaliwa kwenye sauna. Mama alipougua mapafu alitibiwa kwenye sauna, na baba alipokufa alioshwa kwenye sauna. Sasa betri zangu zinaumwa, ulitaka nizipeleke wapi? Basi mimi na Lempi tulizifungua, tukazipandisha moja moja kwenye sleji ya kuburuta thelujini, na kila moja ina uzito wa mbwa aliyenona. Lempi alikuwa anasukuma huku ananitukana njia nzima. "Ukifa leo," akasema, "nitamwambia mchungaji umekufa kwa ukaidi, asihangaike kutafuta ugonjwa." Tumezipanga zote sita kwenye benchi la juu, kwenye joto zuri, nikazifunika mablanketi. Nimezisugua vichwa kwa mswaki wa zamani na magadi mpaka ule unga mweupe ukatoka wote, nikavipaka mafuta mazito. Nimeziongezea maji ya betri ya dukani, si ya bomba yenye chokaa. Jiko nalikoka asubuhi na jioni. Niambie ni mgonjwa gani wa hospitali ya Marquette anahudumiwa hivyo.

5. Gesi. Kwenye karatasi yako umeandika kwamba betri hutoa gesi na karibu na jiko zinaweza kulipuka. Dale, marehemu mume wangu alitoa gesi kwenye sauna hiyo hiyo, benchi hilo hilo, miaka arobaini, na paa bado lipo.

6. Wanaojiita waogaji. Naambiwa wakazi wamelalamika kwamba Jumamosi tatu hawajaoga. Wamelalamika kwako, kwangu hawajathubutu. Mmoja wao, simtaji, alifungua mlango akiwa na taulo kiunoni, akaziona betri, akasema, "Bibi, hizi zinatoka lini?" Nikamjibu, "Zikipona. Na wewe funga mlango, unaziingizia baridi, tena hilo taulo ni fupi." Mababu zetu walitoboa barafu wakaoga ziwani na hawakuandika barua. Ziwa lipo, halijafungwa na kamati.

7. Hivyo basi, kwa heshima zote, naomba yafuatayo, na nikisema naomba ni kwa sababu ndivyo barua zinavyoandikwa:

Sauna itangazwe kuwa hospitali ya betri mpaka mwezi wa tano. Wakazi waoge nyumbani kwao kwa zamu, wakianza na wenye mataulo mafupi. Kamati ipasue kuni, kwa maana zangu zimebaki za siku chache na nyonga hii haipasui kuni. Betri zangu ziombewe Jumapili, kwa majina kama itawezekana, nitayatoa. Na wewe Mwenyekiti ulale bandani usiku mmoja tu juu ya ile sementi, na shati lako la mikono mifupi la kwendea joto la Florida. Ukiamka ukiwa na nguvu za kuwasha hata kiberiti, uje unibandikie karatasi nyingine.

Nisipotendewa haki nitasimama kwenye mkutano wa majira ya machipuko na nitasema yote, pamoja na habari za kahawa.

Msalimie mkeo. Isalimie kamati nzima, hata yule mweka hazina asiyeitika salamu. Wasalimie waliokimbilia Florida, waambie hapa tupo na hatujaganda.

Ni mimi nisiyerudi nyuma,

Hilja Ruona

Nyongeza. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena kwa kisu cha mkate.

Nimesikia honi nje. Honi, Februari! Nachungulia dirishani, namwona Lempi amekaa ndani ya kigari chake cha gofu katikati ya barabara, theluji pande zote, kofia imemfika kwenye nyusi, anapiga honi kama yuko harusini. Kigari kile kile kilicholala kwenye banda lako tangu Oktoba, juu ya sementi yako, bila hata shuka.

"Toka nje, muuguzi wa betri!" akapiga kelele. "Nikupeleke posta ukaitume hiyo barua yako!"

Nikamwuliza ametumia uchawi gani.

"Uchawi wa kumsikiliza Dale. Nilizichaji mpaka zikajaa pomoni, nikachomoa waya mweusi, nikaenda zangu. Leo nimeurudisha, basi. Betri iliyojaa haigandi kwa baridi hii, na kukaa kwenye joto ndiko kunakozimaliza haraka. Zako hazina baridi, shoga. Zina njaa. Nawe mwezi mzima unazifukiza!"

Alikuja na kipimo chake cha umeme cha mshale, tukaenda sauna. Mshale ulijikongoja kidogo ukalala. Betri ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, zote sita. Nilikaa kwenye benchi nikazivua mablanketi moja moja, jambo ambalo Lempi atalisimulia mpaka Pasaka.

Anasema zikichajiwa leo huenda zikaamka. Zikikaa mpaka Jumamosi, hajui. Sasa hiyo Jumamosi yako uliitoa wapi? Mwenyekiti gani mlegevu hivyo, unaona betri za mama mzee zinafia sauna halafu unampa siku za kujifikiria? Ungevunja mlango!

Posta itachelewa, kwa hiyo barua hii anakuletea Lempi mkononi. Acha unachofanya. Washa umeme wa banda, njoo na sleji na mgongo wako mwenyewe, uzitoe hizi betri kabla jua halijazama. Na Marlene akikupigia simu, usipokee.