Kaltum wa Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 4 Oktoba 2004

Birindwa amejiuzulu! Ameoa kule Uvira, na mke wake amemwambia achague moja, yeye au mchezo. Amechagua vibaya, lakini hayo ni yake. Kwangu mimi habari ni moja tu: Muungano wa Ziwa hauna mkuu.

Niandike vizuri, nisije nikasahau nikizeeka. Ngome ni mchezo wa kwenye intaneti. Kila mtu ana ngome yake, ghala lake la nafaka na askari wake. Unajenga, unavamia, unavamiwa. Sisi wa Bujumbura, Uvira, Bukavu na Kigoma tumeungana, na tuna jukwaa letu la kuandikiana. Mkuu akiandika tushambulie, watu wanashambulia. Akiandika tutulie, watu wanatulia. Mimi nina miaka ishirini na tisa. Nauza vipuri dukani kwa mjomba Moosa hapa Buyenzi, na mjomba mpaka leo ananiita "mutoto" mbele ya wateja. Nyumbani dada yangu Adija akisema vua viatu mlangoni, navua. Nataka mara moja tu katika maisha yangu niseme neno na watu walifuate. Nalitaka sana jambo hili, na sioni aibu kuliandika.

Kura ni Jumamosi. Wagombea ni wawili: mimi na Waridi.

Waridi ni mwanamke. Wala hafichi. Ngome yake ni kubwa kuliko yangu, kwa bahati tu. Anachezea hapa hapa, kwenye siber ya Mzee Amur, chumba chake cha intaneti ya kulipia, lakini sijawahi kumwona kwa sababu ya pazia. Mzee Amur ni wa wale Waarabu wa zamani wa mji huu, mtu wa dini. Alipoleta kompyuta alikigawa chumba kwa pazia, kama tunavyofanya kwenye harusi. Wanaume tunaingia kwa mlango wa barabarani, wanawake wanapitia duka la vitambaa la mkewe. Nyaya zinapita chini ya pazia. Watu hawapiti.

Mpango wangu ni rahisi: vichekesho. Mimi ndiye mchekeshaji wa jukwaa, hakuna anayebisha. Nitawachekesha mpaka Jumamosi waone haya kumpigia kura mwanamke. Leo nimeanza. Nimeandika kwamba mwanamke akipewa ngome, kwanza anauliza jiko liko wapi. Adui akifika anakuta wali umeiva na lango wazi. Wamecheka kutoka Kigoma mpaka Bukavu! Hata nyuma ya pazia nilisikia wanacheka. Nimefurahi kuona nao wanajua utani.

Jumanne, 5 Oktoba

Nimeporwa. Ghala lote! Sikuachiwa hata gunia.

Nilichunguza. Kumbe askari waliokuwa wanalinda lango langu hawakuwa wangu. Waridi aliniazima tangu Agosti, nikasahau. Jana, dakika zile zile nilipokuwa nasoma pongezi za kichekesho changu, aliwaita wakarudi kwake. Watu wa Muungano mwingine wakapita langoni kwangu bila hata kubisha hodi. Sasa najua kule nyuma ya pazia walikuwa wanacheka nini.

Nilimlalamikia jukwaani, kwa heshima, nikimkumbusha kwamba sisi ni wa Muungano mmoja. Akajibu kwamba alidhani sitapenda kulindwa na askari wa mwanamke. Ni mtu wa visasi. Mtu wa namna hiyo hafai kuongoza, na hilo nimeliandika pia.

Adhuhuri kulikuwa na milio ya bunduki upande wa milimani. Mzee Amur alishusha geti nusu. Hiyo ndiyo desturi yake: nusu ni milio ya mbali, lote ni ya karibu. Hakuna aliyeondoka kitini. Mimi nilikuwa nahesabu askari waliobaki, na kila mlio ulinipotezea hesabu. Haikuchukua muda mrefu, geti likapandishwa.

Jumatano, 6 Oktoba

Hatari. Mtu mmoja wa Kigoma ameandika kwamba vichekesho vyangu vinaanza kuchosha, na kwamba labda akina dada hawavipendi. Wawili wakamuunga mkono. Haya mambo huanza hivi hivi.

Nilifikiri mchana kutwa dukani, nikampa mteja plagi ya Toyota badala ya Peugeot. Kisha nikalipata jibu. Anahitajika mwanamke mmoja wa kusema hajakasirika! Mmoja tu anatosha.

Jina nimemchagulia Kaltum. Ni mshonaji wa Gasenyi, ana miaka ishirini na miwili. Nilimfungulia ngome ndogo, nikamwandikia salamu: yeye ni mwanamke, vichekesho vya kaka Hamimu vinamfurahisha mno, na wanaonuna wana mambo yao. Kisha nikaingia kwa jina langu, nikamkaribisha. Nikaandika kwamba huyu ndiye mwanamke mwenye akili, na kwamba kama angegombea yeye, hata mimi ningempa kura yangu. Nilidhani ni maneno mazuri ya kufungia.

Basi wakamvamia kwa maneno. Una urefu gani? Una kilo ngapi? Tuma picha. Nani anakuchezea, kaka yako? Hili la mwisho lilinikera, maana lilikuwa karibu sana na ukweli. Halafu Jovithe wa Kamenge, rafiki yangu kabisa, tunakaa viti jirani, akamwandikia Kaltum kichekesho cha jiko. Changu! Bila kunitaja! Na adui alipofika alikuta maharagwe! Ni wali. Maharagwe yanaiva kwa muda mrefu, adui angeyakuta bado magumu, kichekesho chote kinakufa. Nilikasirika sana. Watu hawana heshima kwa kazi ya mwenzao.

Alhamisi, 7 Oktoba

Jovithe amempenda Kaltum.

Alinigeuzia skrini yake asubuhi anionyeshe. Ameandika barua ndefu, anataka kuja Gasenyi kuonana na wazazi. Akaniuliza afanyeje, kwa sababu Kaltum hajibu. Nikamwambia asimpe nafasi ya kupumua, wanawake ndivyo walivyo, aandike kila saa. Nilisema bila kufikiri, kwa mazoea. Kisha nikageukia kompyuta yangu nikaanza kupokea barua hizo, moja baada ya nyingine, kutoka kwa mtu ambaye kiwiko chake kilikuwa kinagusa kiwiko changu.

Saa sita Kaltum alimjibu kwa upole kwamba hataki kuolewa kwa sasa. Jovithe alisoma, akasema kwa sauti:

"We ona uyu! Anajifanya nani? Mi nitamuonesha."

Akaandika kwamba Kaltum ni mbaya wa sura na mwongo. Akakusanya askari wake wote akauchoma ukuta wa ngome ya Kaltum, huku ananipiga begani nicheke naye. Nilicheka. Ngome yangu inaungua, nami nacheka! Rafiki zake wawili wakajiunga. Nilikuwa nimeijenga kwa siku mbili, na ilikuwa na bustani.

Aliyeiokoa ni Waridi. Alileta askari, akaleta nafaka, akawafukuza wote watatu. Kisha akamwandikia Kaltum barua ya faragha. Anamsihi asiondoke. Wote wamepitia hayo, na wengi walichoka wakajificha kwa majina ya kiume. Hata Kamanda Kifaru ni mwanamke, anaitwa Lubna, anasoma uuguzi. Kamanda Kifaru! Mtu ninayemwamkia kila siku kwa "shikamoo mkubwa"! Mwisho akamkaribisha Kaltum Ijumaa baada ya Alasiri, aje akae nao upande wao, wamfundishe kulinda lango.

Nilisoma mara mbili. Nikaona dhahabu. Nikiyajua majina yote ya waliojificha, Jumamosi asubuhi nitayamwaga jukwaani. Nani atampigia Waridi kura baada ya hapo? Shida ni pazia. Mimi siwezi kupita. Kaltum lazima awe na miguu yake mwenyewe.

Ijumaa, 8 Oktoba

Nimemtuma Adija. Kwanza alikataa. Nikaomba, nikaahidi kitenge. Nikampa neno la siri la Kaltum na kumchorea ngome kwa mkaa kwenye saruji ya uani: hapa ukuta, hapa ghala, hapa askari. Akauliza kwa nini nimeweka ghala karibu na lango. Nikamwambia asiharakishe mambo.

Alasiri aliingia kwa duka la vitambaa, mimi kwa mlango wangu. Nilikaa kiti cha karibu kabisa na pazia. Nilisikia vikombe. Nilisikia sauti ya dada yangu ikiuliza kitu, na nyingine ikimwelekeza taratibu. Halafu wakacheka, na Adija akacheka kwa namna ambayo nyumbani sijaisikia tangu mama afariki. Mzee Amur aliniambia nisogeze kiti, hiki si kituo cha polisi.

Alirudi kabla ya Magharibi. Nikamuuliza majina. Akasema amekunywa chai nzuri na hana la kunieleza. Kisha akaniuliza mimi: yale maneno aliyoandikiwa Kaltum, ya kilo na picha, wameandika akina nani? Nikasema ni vijana tu, ni utani. Akauliza kama mimi nilicheka. Nikasema walicheka wote. Akaniangalia, akaingia jikoni. Nilijisikia vibaya kidogo. Nadhani ni njaa.

Nilijaribu kufungua ngome ya Kaltum jioni hii hii. Neno la siri halifungui. Labda mtandao.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nitaandika bila kulia.

Saa nne, siber imejaa. Waridi akaandika jukwaani kwamba anajitoa. Anampendekeza Kaltum, kwa sababu alichomewa ukuta wiki yake ya kwanza na hakuondoka. Kamanda Kifaru akaunga mkono. Kigoma wakaunga mkono. Kisha mtu mmoja, sijui nani na sitamsamehe, akayaleta maneno yangu ya Jumatano, yote, na jina langu juu yake: mwanamke mwenye akili, hata mimi ningempa kura yangu. Wakaniuliza kama bado nasimama na neno langu. Jukwaa lote likangoja.

Nilimpa kura.

Jovithe naye alimpa, anatumaini kusamehewa. Wapambe wangu wote walimpa, wakisema wananifuata mimi. Nimeshindwa kwa kura nyingi sana na mtu ambaye Jumanne hakuwepo duniani. Nilisimama. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni: Kaltum ni mimi! Kisha nikamwona Jovithe pale jirani, na nikakumbuka barua zake, hasa ile ya kuyasifu macho yangu. Nikakaa.

Kaltum akatoa amri yake ya kwanza. Atakayemwandikia mwenzake upuuzi wa kilo na majiko atanyang'anywa walinzi wa lango. Ya pili: kila mmoja apeleke askari kulinda ngome za Bukavu, zimezidiwa. Hakupandisha sauti, hakuna sauti ya kupandisha, ni maandishi. Chumba kizima kikaanza kubofya. Jovithe anabofya, wazee wa Uvira kule kwao wanabofya. Hata geti liliposhushwa nusu watu waliendelea kutii. Nilitazama mistari ile nikahisi wivu mkali kifuani, wivu hasa, kwa sababu jambo hili ndilo nililolitaka na sasa nimeliona kwa macho yangu jinsi lilivyo zuri.

Nami nilipeleka askari. Nilikuwa nao wachache.

Jumapili, 10 Oktoba

Nimelala, nimeamka, nimepata mwanga.

Hakuna mwanamke aliyeshinda! Kaltum nimemtunga mimi. Jina nimempa mimi, miaka nimempa mimi, kazi ya kushona nimempa mimi. Kwa hiyo mwanamke bora kuliko wote katika Muungano wa Ziwa ni mwanaume, na hilo ndilo nimekuwa nikisema tangu Jumatatu. Nilimweleza Adija haya wakati wa uji. Akasema, "Ndiyo, kaka," akaniuliza kama naweza kumpisha, anawahi siber.

Jovithe alikuja nimsaidie kuandika barua ya kuomba radhi kwa Kaltum. Nilimwandikia. Nimeweka na kichekesho kimoja kidogo cha kulainisha, kuhusu wanawake na ramani. Yeye ni mkuu, atakielewa.

Nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Kaltum nilimpa akili nyingi mno. Leo nimefungua jina jipya: Tahani wa Kamenge, mjane, mnyenyekevu, hasemi ovyo. Huyu atafanya ninachomwambia. Atajiunga, ataaminiwa, na kabla ya Ramadhani kwisha atagombea dhidi ya Kaltum. Bila shaka watamwita aende akae nao nyuma ya pazia, kwa hiyo nahitaji mtu wa kumtuma. Nitamtuma binamu yetu Assia. Ni Adija mwenyewe aliyenichagulia. Anasema Assia ni mpole sana na kompyuta hajui hata inavyowashwa. Amenihakikishia mara mbili.