Mguu wa Panzi Uliogoma

Jumatatu, 4 Machi

Nafasi ya msaidizi wa maabara ni moja. Tunaoitaka ni wawili: mimi na binamu yangu, mtoto wa shangazi, mtu anayepiga pasi hata taulo. Profesa ameamua: Alhamisi kila mmoja aufanye mguu uliokatwa urushe teke kwa tone la dawa. Binamu kapewa chura. Mimi panzi. Sawa! Nimezaliwa kwa ajili ya Alhamisi.

Mama kaniuliza binamu anaendeleaje. Nimesema vibaya. Hajaanza.

Jumanne, 5 Machi

Njama! Tumekabidhiwa chupa. Ya binamu ni asetilikolini, tarishi wa neva anayeamrisha msuli ujikunje. Hili nalijua tangu shule. Nilipata alama zote. Yangu ni glutameti. Glutameti! Ndiyo iliyomo kwenye kile kiungo cha unga anachotia Mama mchuzini. Mwenzangu kapewa panga, mimi mwiko.

Profesa kaacha mezani kitabu cha neva za wanyama, kasema tusome kwanza. Kurasa mia sita. Mtu aliyefaulu hasomi tena, anakumbuka.

Mama aliposikia malalamiko akauliza kama nimesoma miaka yote hii ili niwapikie panzi mchuzi. Nilikuwa nafikiri.

Jumatano, 6 Machi

Nimefika kabla ya wote. Nikabandua lebo ya jina kwenye chupa yangu na ya binamu, nikazibadilisha: asetilikolini sasa yangu. Dakika nne! Fundi wa maabara kanikuta nina gundi puani, akauliza, "Dada, pua nayo ni ya majaribio?" Nikasema ni mafua. Akanipa pole.

Alhamisi, 7 Machi

Aibu. Tone la kwanza la asetilikolini juu ya mguu wa panzi: kimya. La pili: kimya. Nikamwaga. Mguu umelala kama mgeni aliyeshiba. Wa chura nao umelala! Nilifurahi kidogo, mpaka Profesa aliponitazama.

Akaziangalia lebo zilizopinda. Akaleta miguu mipya, akazibadilisha chupa. Chura: teke. Panzi: teke lililorusha tone hadi kwenye miwani ya binamu. Kisha akaeleza taratibu, kama anayemlisha mtoto uji. Kwetu wenye uti wa mgongo, chura akiwemo, asetilikolini ndiyo huamrisha misuli ya miguu. Kwa mdudu kazi hiyo ni ya glutameti. Asetilikolini yake hubeba habari kutoka kwenye vipapasio, na huzungumza ndani ya ubongo. Matarishi wale wale, njia tofauti. Akasema tusimjibie mnyama ambaye hatujamuuliza.

Akauliza nani kagusa lebo. Nikawa mguu wa panzi mimi mwenyewe. Binamu akajibu huenda ni yeye, alipokuwa akifuta meza. Ati yeye! Mlangoni kaninong'oneza, "Dada, safari hii soma. Sina uongo wa pili."

Kesho jaribio la mwisho: msuli wa ruba. Atakayeshindwa atafute kwingine.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi. Nimetubu. Binamu ni mtu mwema, sitamfanyia hila tena maishani. Kaniwekea kikaratasi kitabuni kwenye ukurasa wa ruba, kaandika, "Ruba si panzi, soma." Kaka wa watu! Lakini sina haja, somo la jana limeniingia barabara. Panzi hana uti wa mgongo. Ruba hana uti wa mgongo. Mtu na nduguye. Basi dawa ni glutameti, na Profesa, kwa kuchoka kwake, katuwekea sote asetilikolini! Nimemsamehe.

Nimeimwaga yangu kwenye sinki na kujaza glutameti. Ya binamu nayo nimeibadilisha, kimya kimya, asije akaaibika mbele za watu. Wema hauozi.