Chumba Chenye Kibaraza

Jumatatu, 4 Agosti

Imethibitika! Mwezi ujao familia nzima tunapanda meli ya matembezi, siku nne kuzunguka Ziwa Victoria kutoka Mwanza. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulala juu ya maji. Mwenye safari ni mama mkwe. Mbaazi zake zimemwendea vizuri mwaka huu, anatupeleka wote.

Vyumba vitatu. Yeye na binti yangu Blessing watachukua chenye dirisha dogo, hilo halina mjadala. Vimebaki viwili. Kimoja kina kibaraza chake cha nje na viti viwili, maji unayaona ukiwa kitandani. Kingine kiko chini, katikati ya meli, hakina dirisha kabisa. Stoo ya mahindi! Huko wataenda ama shemeji yangu Severine na mkewe Martha, ama sisi.

Kibaraza ni changu. Si tamaa! Siku ya harusi nilimwahidi mke wangu Romana fungate ya kuamkia maji. Miaka kumi sasa, maji anayoamkia ni ya ndoo. Anasema amenisamehe. Kwa jinsi anavyosema, hajanisamehe.

Nimwombe mama mkwe? Thubutu! Mkwe haombwi chumba cha kulala. Itabidi nitumie akili.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepita kwa Severine, kwenye duka lake la simu. Nikamwambia, kwa sura ya huruma, kwamba vyumba vya kibaraza huyumba kuliko vyote na mawimbi huingia hadi kwenye shuka. Akashtuka. Safi!

Jioni Romana akaniuliza ni nani anayetangaza kwamba meli inaingiza maji. Mama yake ameshaanza kufunga na kuomba. Nikasema watu wa Babati wana maneno sana.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango wa pili. Nimechora vyumba vyote viwili kwa majivu, uani kwetu hapa Bonga, kwa vipimo kamili, Severine ajionee. Vipimo kamili nikimaanisha kwamba cha kibaraza nilikibana kidogo, na kile cha gizani nikakipanua mpaka ndani ya banda la kuku.

Severine akaja, akakisifu sana cha gizani. Ili nikamilishe kazi nikavua shati, nikalala chali ndani ya kile kingine, aone miguu inavyobaki nje. Hapo hapo mama mkwe akaingia getini. Mungu wangu! Mkwe mzima, kifua wazi, chali kwenye majivu. Nikamwamkia hivyo hivyo nilivyolala. Marahaba ilikuja baadaye, kutoka nje ya uzio.

Romana ni fundi cherehani. Akatoa futi yake, akapima, akalinganisha na karatasi aliyotupa Hanifa, wakala wa tiketi. Akasema kwa vipimo vyangu, kuku nao wamekatiwa tiketi. Severine alicheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 10 Agosti

Leo baada ya misa nilikuwa na silaha ya mwisho. Kumpandisha Severine mtumbwi Ziwa Babati, ayumbe, atapike, akikatae kibaraza mwenyewe mbele ya mashahidi. Mudy, mwenye mtumbwi, nilimvuta pembeni nikamwomba atuyumbishe kwa nguvu. Familia yote ikaja ukingoni kutazama.

Mudy ni mtu wa kazi. Alituyumbisha! Kiboko mmoja akainua masikio kwa mbali, Severine akauliza kama kuna mwingine mkubwa zaidi. Mimi nilitapika upande wa kushoto. Halafu wa kulia. Maandazi yote ya asubuhi. Severine akanibeba mgongoni hadi nchi kavu, akanipitisha mbele ya mama mkwe. Safari hii sikuamkia mtu.

Jumanne, 12 Agosti

Mama mkwe ametoa uamuzi. Nimeitwa kwa Hanifa kusaini. Kibaraza: Romana na Martha. Gizani: mimi na Severine. Mama anasema mgonjwa wa mawimbi alale katikati ya meli, ambako hakuyumbi sana, tena na mwanamume wa kumbeba. Ni huruma tu, hana kinyongo.

Kisha Hanifa, bila ubaya wowote, akanionyesha karatasi ya kwanza aliyoifuta. Ya tarehe 2. Kibaraza: Romana na mumewe. Chini ya karatasi mama mkwe alikuwa ameandikisha tuwekewe maua, tunatimiza miaka kumi na hatukupata fungate. Severine mwenyewe ndiye aliyeomba gizani, mwanga wa asubuhi humkatizia usingizi.

Tarehe 2! Kabla sijafungua mdomo. Nilikaa kwenye benchi lake muda mrefu. Iliniuma, sitaficha. Ningenyamaza tu, kingekuwa changu.

Nikamsimulia Romana yote. Alicheka hadi machozi. Halafu akajifuta macho, akasema yeye hayo maji alitaka kuyaona na mimi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimejifunza! Kosa langu ni mipango mikubwa mno: majivu, mitumbwi, viboko. Kinachotakiwa ni kitu kidogo. Kikohozi. Mwenye kifua hawezi kulazwa pasipo na dirisha, hata mtoto anajua. Atapelekwa kwenye hewa, na mkewe amhudumie.

Asubuhi nilikwenda Singe, nikakohoa mbele ya geti la mama mkwe. Mara tatu, kwa heshima. Mchana jibu likaletwa na Blessing: bibi anampa baba pole, na kama kifua ni kibaya kiasi hicho, basi asisafiri, abaki amwangalizie ng'ombe wake.

Kesho naacha kukohoa. Nitachechemea.