Ukoo wa Kupe Wabishi

Jumatano, 7 Mei 2025

Siku ya josho. Ng'ombe mia mbili na kumi wameoga. Kupe nao wameoga. Ng'ombe wametoka, kupe wametoka nao, wamenawiri kama waliotoka kubatizwa.

Clement ndiye aliyeanza. Clement hajawahi kuanza jambo jema. Alimshika fahali wake sikio, akaita watu waje waone kupe anavyotembea. Akasema huyu hata hajakohoa. Nikawaambia anatembea kwa mshtuko tu, kesho ni marehemu. Akajibu kwamba hata wa wiki iliyopita niliwatangazia msiba, na leo wamehudhuria pamoja na watoto wao. Watu wakacheka. Hata mimi nilitaka kucheka, nikajizuia kwa sababu ya cheo.

Anataka ufunguo wa josho. Ameshamwendea mwenyekiti wa kitongoji, na mkutano wa wafugaji umewekwa Jumamosi tarehe 24. Ajenda moja: nani ashike ufunguo. Nimeushika miaka minne. Nauvaa shingoni hata kanisani. Bila ufunguo mimi ni Laurenti tu, mwenye ng'ombe wawili, utingo mstaafu aliyefika Kigali juu ya lori la saruji. Nikiwa nao ni Bwana Josho.

Na kosa si langu. Dawa ya michango inatosha ng'ombe wa hapa tu, lakini wanakuja wa kijiji cha pili, wanakuja wapita njia kutoka Manyoni. Nimfukuze mtu na ng'ombe wake wanajikuna? Mgeni akikukuta unakula humfukuzi, unaongeza maji kwenye mchuzi. Nami huongeza. Maji mengi, dawa ileile. Wote wanaoga.

Ufunguo hauondoki. Nimeandika hapa iwe ushahidi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepata jibu: dawa ni feki. Mpango: kuwapeleka kupe wenyewe Singida mjini, niwamwage juu ya meza ya muuza dawa, aone aibu.

Nilikamata kumi na wawili hai, nikawatia kwenye kopo la ugoro la marehemu baba. Nikasimama hapa kwetu Mkiwa, njia panda, kusubiri basi. Kwenye benchi la muuza mahindi ya kuchoma alikuwepo mzee mmoja. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaliona kopo, akaomba ugoro.

Hapo mtu unafanya nini? Mzee hanyimwi ugoro. Nikasema umeisha, baba. Akasema kopo tupu halibebwi kwa mikono miwili. Akalichukua kwa mamlaka ya umri, akafungua, akachota bila kutazama. Mkono wake niliudaka ukiwa umebakiza nusu inchi kufika puani.

Waliobaki koponi walimwagikia kanzu yake. Mimi na muuza mahindi tulimvua kanzu mzee wa watu kando ya barabara kuu, tukawa tunaokota. Basi likaja, likatutazama, likaenda. Mzee alinitakia mambo ambayo shajara hii haitayabeba.

Tuliwapata kumi na mmoja. Wa kumi na mbili nimemwona jioni, kwapani kwangu. Ana afya njema.

Jumanne, 13 Mei

Leo sina utani mwingi. Ng'ombe wa Mama Raheli amekufa. Ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Tezi zilivimba chini ya sikio, akakohoa, jana akalala, leo asubuhi hakuamka. Mama Raheli ni mjane, na ng'ombe alikuwa huyohuyo mmoja, maziwa ya wajukuu watatu.

Nilikwenda kukaa naye. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, Laurenti mwanangu, si nilikuwa namleta kila Jumatano? Nikasema ndiyo, mama.

Saa kumi nikamfungua Nyota, yule wangu wa maziwa, nikamfunga zizini kwa Mama Raheli. Nikasema namkopesha mpaka mambo yatengemae. Ng'ombe wa kukopesha hatoki na ndama tumboni, hilo analijua yeye, nalijua mimi.

Mke wangu Emiliana aliiona kamba tupu. Akasema sawa, tutakunywa chai ya rangi. Akaongeza kwamba nikimgawa na yule wa pili, atahamia kwa Mama Raheli, maana huko ndiko kwenye mifugo.

Jumatano, 14 Mei

Clement amemleta afisa mifugo wa kata. Jesca, binti wa Kinyiramba, pikipiki, buti, daftari. Nilimnong'oneza Clement kwa Kinyaturu kwamba mtoto huyu hajui ng'ombe anaanzia wapi. Binti akajibu kwa Kinyaturu safi kuliko changu kwamba ng'ombe anaanzia mdomoni, kama matatizo ya watu wengi. Kumbe bibi yake mzaa mama ni wa Ikungi. Watu wangekuwa wanatangaza mambo kama haya mapema.

Akatazama masikio ya ng'ombe kumi. Akasema huenda tunayaona mageuzi.

Nikamsahihisha kwa upole. Mageuzi nimeyasoma mpaka kidato cha pili, kabla mambo hayajaingiliana. Ni habari ya sokwe kupoteza mkia, ikachukua miaka milioni. Hayawezi kutokea hapa kati ya mwaka juzi na mwaka huu, tena bila mtendaji wa kata kujulishwa.

Akacheka, lakini akajibu. Alisema sokwe tumwache. Kupe anataga mayai maelfu, na kizazi kinapita upesi, kwa hiyo anachofanya binadamu kwa karne nyingi, kupe anakifanya macho yetu yakiwa wazi. Clement akadakia kwamba ni kweli, kupe wamezoea dawa kama yeye alivyozoea pombe. Binti akasema hapana, baba, kupe hazoei. Kupe mmoja hajifunzi kitu. Ila kati ya maelfu, wachache huzaliwa tofauti, dawa haiwamalizi. Wenzao wakifa, hao ndio wanaobaki kuzaa.

Nikamuuliza: yaani wapole wote wamekufa, wabishi wameoana?

Akasema katika miaka yake yote ya chuo hajasikia ikielezwa vizuri hivyo. Nikamtazama Clement.

Lakini simwamini. Amesema atajaribu. Shangazi yake yuko Sekenke, kwao Iramba, kwenye mifugo ambayo haijawahi kuliona josho. Ataleta kupe wa huko, awatie wa huko na wa hapa kwenye dawa moja, kipimo kimoja. Kama ni dawa feki, wote watapona. Kama ni kupe wetu waliobadilika, wataishi wetu peke yao. Na mkutano utaamua kwa hilo.

Alhamisi, 22 Mei

Kupe wa Sekenke wamefika. Chupa mbili za plastiki, moja ya wao, moja ya wetu, kila moja kupe ishirini. Binti alifungua kopo jipya la dawa mbele yetu, akapima kwa bomba la sindano, akawachovya wote, akawarudisha chupani. Kwenye kila chupa akabandika karatasi: MKIWA, SEKENKE. Akasema wote wataendelea kutembea leo, tofauti itaonekana Jumamosi.

Zikae wapi? Nikasema kwangu, mwenye ufunguo ndiye mlinzi. Clement akasema afadhali zikae kwa fisi. Mwenyekiti akaamua ziwe kwangu, kwa sababu ni mimi peke yangu mwenye kabati la mlango, na Clement aje jioni aweke kufuli lake.

Mchana Emiliana akaenda kuchota maji. Nikabaki na chupa.

Siyaamini mageuzi. Lakini hata asiyeamini mawingu huanua nguo. Nikazibandua karatasi taratibu, nikazibadilisha. Wa Sekenke sasa ni wa Mkiwa, wa Mkiwa ni wa Sekenke. Hata wakibadilika, wamebadilikia Iramba huko, hainihusu.

Nikaenda kumnywesha ng'ombe aliyebaki. Niliporudi Emiliana alikuwa anaimba. Akasema nisiwe na wasiwasi na Jumamosi. Mke mwenye imani ni hazina.

Jioni Clement akaja na kufuli kubwa la stoo ya alizeti. Akafunga, akalivuta mara tatu. Nikamwambia avute na ya nne. Mimi nimetulia kama maji ya mtungini.

Jumamosi, 24 Mei

Watu wengi kuliko mkutano wa maji. Nilivaa koti nililonunua Kigali. Ufunguo juu ya koti.

Clement akafungua kufuli. Binti akazitoa chupa, akazipandisha juu. Chupa ya SEKENKE: miguu juu, wote ishirini, kimya. Chupa ya MKIWA: wanapanda ukuta wa chupa kama matingo wanaokimbilia lori. Akahesabu. Wazima kumi na wanane.

Nikasimama. Nikasema haiwezekani, karatasi hizi mimi mwenyewe nili… Nikakaa.

Binti aliniangalia. Kisha akauliza jinsi ninavyojaza josho. Hapo nikapata nguvu, maana kazi yangu naijua. Nikaeleza habari ya wageni, ya ng'ombe wa Manyoni, ya kuongeza maji kwenye mchuzi ili kila mtu apate. Nilieleza vizuri. Nilitegemea makofi.

Binti akasema taratibu kwamba dawa kali ingewaua hata wengi wa wale wabishi wa nusunusu. Dawa nyepesi inaua wapole na kuwapalilia wabishi, wiki baada ya wiki, miaka minne. Akasema, mzee wangu, kupe hawa hawakuvamia josho. Umewafuga.

Hata Clement hakucheka. Nilimtazama Mama Raheli, nikatazama chini.

Mtu mmoja nyuma akataka nitozwe faini ya ng'ombe. Mama Raheli akainuka kwa fimbo yake. Akasema ng'ombe wa faini ameshatolewa, yuko zizini kwake anacheua, na hakuna aliyemlazimisha Laurenti. Akasema huyu mtoto hana ubaya, ila moyo wake ni mkubwa kuliko kopo la dawa. Asitozwe kitu. Anyang'anywe ufunguo.

Clement akanyoosha mkono kabla mama hajakaa. Mwenyekiti akaupita ule mkono, akauliza nani anajua uchungu wa kipimo kibaya kuliko wote. Ufunguo akapewa Mama Raheli.

Niliuvua mwenyewe. Shingo imekuwa nyepesi, kama ya mtu aliyenyolewa ndevu akiwa amelala. Faraja yangu moja ni uso wa Clement.

Nyumbani nikamwambia Emiliana kuna uchawi, karatasi zimejirudisha. Akaweka sufuria chini. Akasema Alhamisi, nilipokwenda kumnywesha ng'ombe, alizibadilisha ili kunisaidia. Nikamuuliza, wewe ulizibadilisha? Akasema ndiyo. Nikamwambia na mimi. Tulitazamana mpaka maharage yakaungua. Kisha tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Jumatano, 28 Mei

Josho lina dawa mpya, ya aina nyingine kabisa. Mama Raheli amekaa mlangoni na kikombe cha kupimia kama mweka hazina wa mbinguni. Wageni wa Manyoni wamerudishwa na ng'ombe wao. Imeniuma. Nimewapa maji ya kunywa.

Lakini mtu wa thamani hawekwi kando. Wamenipa kazi nyingine: kutia dawa ya dumuzi kwenye ghala la kijiji. Mahindi na mtama vimeanza kuingia. Mwenyekiti alisema kazi ya kugawa inataka mtu wa watu. Binti Jesca alipita na pikipiki, akanisisitizia: pakiti moja gunia moja, usipunguze, baba, somo la kupe umelipata. Nikamwambia nimelipata lote. Naweza hata kufundisha. Kama kuna profesa anauliza mageuzi yanaonekana wapi, alete kiti akae Mkiwa, nimwonyeshe niliyoyafuga kwa mkono wangu.

Pakiti arobaini. Magunia sitini na mawili, maana na mashemeji wameleta ya kwao, na gunia la shemeji halibaki nje kwenye umande.

Nilifikiri sana. Mageuzi ni ugonjwa wa kupe, na kupe anakunywa damu. Dumuzi anakula nafaka, ni mdudu wa jikoni tu. Nikachekecha majivu safi ya kuni za mgunga, nikachanganya na ile dawa kwenye karai, nikagawa kwa kijiko mpaka gunia la mwisho.

Nimemwambia Emiliana dumuzi wa mwaka huu wana bahati mbaya. Wamekutana na mtu mwenye uzoefu.