Wilaya Nne za Nyumba Yetu

Alhamisi, 12 Juni 2025
Kaole nzima, mwenye akili ya kuongoza nchi ni mimi. Wengine wanalijua hilo, wanaona haya tu kulisema. Leo redio imetaja nchi moja ndogo, mji mmoja tu kando ya bahari, lakini ina wilaya zake na wakubwa wake. Nikaruka! Kumbe hata nyumba yetu inatosha.

Dada yangu Mwanahija anataka kuhamia Msata kwa bintiye, Wahida. Gari linakuja Jumapili. Tangu afiwe na mumewe tumeishi humu wawili, miaka kumi na moja. Sasa, mkuu wa wilaya anaachaje kituo chake? Haachi! Nimechora mipaka kwa chokaa: baraza, ukumbi, vyumba, uani. Uani nimempa dada. Tatu zilizobaki zangu, kwa sababu ya elimu yangu (darasa la sita, nikaacha kwa hiari).

Ijumaa, 13 Juni
Dada kaukubali ukuu bila kubisha. Nilishangilia mapema. Uani ndiko kwenye jiko, kisima na choo! Alfajiri nimekwenda mbio, kopo mkononi, akanisimamisha kwenye chokaa. Ati hodi kwanza. Nikapiga. Ati hajasikia. Hodi! Ati nieleze shida yangu. Mimi, mkuu wa dola! Nikaeleza. Ati nipite, ila nikitoka nimkunie nazi mbili.

Jirani Twalha akachungulia, akanikuta nimekalia mbuzi, machicha hadi magotini. Akauliza mheshimiwa ziara inakwendaje. Nikamjibu nakagua zao la nazi.

Wali ulikuwa mtamu. Haki ya Mungu.

Jumamosi, 14 Juni
Dada anafunga mizigo! Nikamkumbusha kwamba kiongozi haachi kituo. Akasema kiongozi ana likizo, na kaimu keshamteua: mimi. Akanikabidhi mwiko. Nikauliza likizo ya siku ngapi. Akasema, Mikdad mdogo wangu, tutaona. Kisha akakishona kifungo cha kanzu yangu, akakata uzi kwa meno. Hakunitazama.

Jumapili, 15 Juni
Wahida kafika saa tatu. Shikamoo mjomba. Marahaba, nikaitikia kwa sauti ya serikali. Dada akasimama mlangoni, akaniuliza kama nina neno. Nilikuwa nalo! Nikamwambia alete ripoti ya wilaya kila mwezi. Akacheka, akaniwekea mkono kichwani kama enzi za utoto, akapanda gari.

Jioni. Akili haijaniishia! Msata sasa ni wilaya ya tano. Kesho napanda basi la kwanza na chokaa yangu, nikachore mpaka mbele ya nyumba ya Wahida. Kwa hiyo dada hajaondoka. Kahamishwa kikazi tu.

Neno lenyewe lilikuwa "usiende." Tangu Alhamisi nalifanyia mazoezi mbele ya kuku. Kwa kuku linatoka vizuri kabisa.