Mbinu za Faridu Kabla ya Mtihani

Jumatatu, 3 Septemba
Mwalimu Esta kapewa kazi mpya: ushauri nasaha kwa kidato cha nne. Katukusanya nje ya maabara. Kasema mtihani wa kujipima uko karibu, na wa taifa unafuata nyuma yake. Tulale vya kutosha. Tusome kwa vipande vifupi, kisha tupumzike. Nikaona huyu mwalimu ana akili sana. Halafu akaharibu: tufunge daftari tujiulize maswali, na kila mtu amfundishe mwenzake alichosoma. Mwisho akasema anayelemewa na mawazo aende ofisini kwake, hata kama kipindi kinaendelea.

Muda wake wa ofisini ni ule ule wa Hisabati ya Mwalimu Benedicto! Kuanzia leo nimelemewa.

Jumanne, 4 Septemba
Nimemweleza baba kwamba shule imeagiza nipumzike. Baba ni fundi cherehani, hapa hapa Nkende, na hapendi maelezo marefu. Kauliza kama shule imeagiza pia nisome. Nikasema hilo liko mbele kidogo. Akasema basi akili ipumzike, mikono ifanye kazi. Jioni nzima nimepulizia pasi ya mkaa. Majivu mpaka kwenye nyusi. Suruali ya mteja imepata alama ndogo. Baba anasema si ndogo.

Jumatano, 5 Septemba
Nimekwenda kwa Mwalimu Esta. Njiani nilifanya mazoezi ya kuhema. Kanipokea vizuri, kanipa kikombe cha uji, kaniuliza nimelemewa tangu lini. Nikasema tangu kidato cha kwanza. Kauliza ninaogopa nini hasa. Nikajibu bila kufikiri: Hisabati. Akasema hofu hupungua ukiitazama usoni, akafungua droo, akatoa swali la pembetatu.

Usaliti! Darasani tuko wengi, mtu anaweza kujificha nyuma ya Nyangi mwenye mabega mapana. Ofisini tulikuwa wawili tu. Nimetoka jasho. Nyangi aliniona nikitoka na karatasi mkononi, akalitangazia darasa zima kwamba Faridu siku hizi anasoma kwa siri. Aibu kubwa.

Alhamisi, 6 Septemba
Mbinu mpya. Mwalimu alisema tumfundishe mwenzetu. Sawa. Anayefundisha anahitaji mwanafunzi. Mwanafunzi nitakuwa mimi, moja kwa moja, mpaka mtihani uishe. Wengine wachoke.

Nimemchagua Simioni, ninayekaa naye dawati moja. Kwao ni Genkuru, hapa mjini kapanga chumba. Kichwa chake kizuri, ila tangu mwezi uliopita anasinzia darasani, hali kitu, na akisemeshwa anaangalia dirisha. Nikamwambia nimempa heshima ya kunifundisha. Akasema haiwezekani, Jumamosi anarudi kwao. Dhahabu imeonekana kwenye shamba la watu, vijana wote wamehamia huko, na kaka yake amepata duara, yaani shimo lake la kuchimba. Anaacha shule.

Nimeshtuka sana. Wiki moja na ushee kabla ya mtihani! Watu wengine hawafikirii wenzao.

Ijumaa, 7 Septemba
Nimemvuta Simioni kwa Mwalimu Esta. Nilimwambia kuna uji, ambayo ni kweli. Mpango: mwalimu amkataze, mimi ninywe kikombe cha pili. Lakini mwalimu akaniomba nisubiri nje! Wakaongea kipindi kizima cha Hisabati. Mimi nje, bila uji, na Mwalimu Benedicto akapita akanirudisha darasani.

Baadaye Simioni kanikuta getini, macho mekundu. Kasema, "Mura," kama Wakurya wanavyomwita kijana mwenzao, "baba yangu alifariki mwezi wa saba. Sikumwambia mtu hapa." Usingizi haupati. Akifungua kitabu anaona kaburi. Kaka yake anasema daftari halimlishi mama.

Nimekaa naye dawati moja muda wote huo. Nikampa nusu ya andazi. Nilikuwa nimeshakula nusu nyingine.

Jumamosi, 8 Septemba
Simioni kaondoka asubuhi. Nikapanda gari la mizigo, nikamfuata. Pembetatu hata hatujaanza!

Genkuru, watu kama sherehe. Mashimo, turubai, wauza chai. Mama yake, Mama Waisiko, alikuwa anapepeta mtama nje. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia ukweli mtupu: "Mama, Simioni akibaki huku mimi nitafeli."

Nilitegemea anionee huruma. Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Kisha akaacha kucheka, akamwita yule kaka kutoka shimoni. Akamwambia kwa Kikurya, baadaye Simioni kanitafsiria: mtoto wa mjini kapanda gari kumfuata ndugu yako kwa ajili ya kichwa chake, na wewe unataka kukizika shimoni? Kuzika kumeshatuchosha mwaka huu.

Kaka alijipangusa uso, udongo mpaka kwenye masikio. Akasema Simioni arudi, amalize mitihani yote, duara litamsubiri.

Kabla ya kuondoka nimeokota jiwe linalong'aa. Simioni kasema ni jiwe tu. Nimelibeba hata hivyo. Limetoboa mfuko.

Alhamisi, 13 Septemba
Masomo yanaendelea. Simioni anaeleza, mimi sielewi, anaeleza tena kwa njia nyingine. Kasema maswali yangu ya kijinga yanamsaidia, maana akieleza mawazo yanatulia, na sasa analala. Kila siku anapita kwa Mwalimu Esta kidogo. Mimi pia nalala, wakati mwingine yeye akiwa bado anaeleza.

Nyangi kaomba kujiunga. Nikakataa: mwalimu ni wangu. Mwalimu Esta akasema tukae wote. Nyangi kakalia upande wenye kivuli.

Jumatatu, 24 Septemba
Matokeo! Simioni wa kwanza. Nyangi wa pili, kanuna mpaka mapumziko. Mimi nimepata pembetatu zote. Maswali mengine ya Hisabati sikuyagusa, nimepenya kwa hizo tu, na masomo mengine sita nimeanguka.

Mwalimu Esta kanisimamisha mbele, kasema kama si mimi Simioni asingekuwepo. Wakapiga makofi. Nikainama kidogo, kama mgeni rasmi. Simioni alinishika bega.

Nyumbani baba hakupiga makofi. Kauliza nimejifunza nini. Nimekaa nikalichambua swali lake kwa makini, na kosa liko wazi kabisa: masomo ni saba, na mimi nilikuwa na Simioni mmoja. Kesho naanza kutafuta wengine sita.