Mtaalamu wa Theluji wa Darasa la Pili A

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Sanduku la vitabu vya msaada limefika shuleni. Vitabu kumi na viwili vya picha, vyote nakala za hadithi moja ya majira ya baridi: theluji, barafu, ukungu, watoto waliofungwa mashali mpaka puani. Walimu tukaangaliana. Hapa kwetu mtu akivaa sweta anaulizwa kama ana homa. Mwalimu Mkuu akauliza nani atavifundisha, maana mkaguzi anakuja Ijumaa kuangalia usomaji, na atakayemfurahisha atapewa cheo cha Mratibu wa Maktaba, pamoja na ufunguo wake.

Nikamwona Jirani, mwalimu wa Pili B, anaanza kunyanyua mkono. Yule bwana na chati zake za rangi! Nikamuwahi. Nikasema theluji naijua vizuri, nimewahi kuishi ndani yake. Vichwa vyote vikageuka. Hata mama wa chai alisimama na birika lake hewani.

(Kwa hakika niliwahi kufanya kazi wiki tatu kwenye ghala la samaki, chumba cha barafu. Theluji ni barafu iliyosagwa. Sijadanganya. Nimefupisha.)

Jumanne, 4 Machi

Somo la kwanza. Watoto arobaini na mmoja, kitabu kimoja kwa watatu au wanne. Nimewasomea kwa sauti yangu ya redio. Wametulia kama maji mtungini. Kisha tukafika ukurasa wa mtu wa theluji mwenye pua ya karoti, utulivu ukaisha. Wakataka kujua nani ameharibu karoti nzuri namna ile. Halafu binti wa dawati la mbele, ambaye darasa zima linamwita Kwanini, akauliza theluji inanuka nini.

Nikamtazama. Naye akanitazama. Ghala lile lilinuka samaki, lakini kuna mambo hayasemwi mbele ya watoto. Nikasema inanuka sabuni.

Ina ladha gani? Chumvi kwa mbali. Inaangukaje? Kwa kelele, kama mchele kwenye sinia. Wote wakaandika. Sijawahi kuandikwa na watu wengi hivi kwa mpigo. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Jumatano, 5 Machi

Vitabu peke yake havitoshi. Mkaguzi lazima aone theluji ikianguka! Mama mkwe yuko kwetu wiki ya pili sasa, analalia mito miwili ya sufi. Mtu mmoja, mito miwili. Alipokwenda kuoga nikaupunguza mmoja. Nikaupunguza sana.

Darasani nikapanda juu ya meza, nikamwaga sufi mbele ya feni. Dakika ya kwanza ilikuwa nzuri, naapa. Nyeupe, taratibu, watoto midomo wazi. Hiyo midomo wazi ndiyo iliyoniponza. Kikohozi. Kisha chafya, dawati kwa dawati, mpaka nyuma. Jirani akachungulia dirishani, akauliza kwa upole kabisa ni kuku wangapi wamenyonyolewa. Wivu mtupu.

Nyumbani mama mkwe amenipokea na foronya mkononi.

"Baba, mto wangu umekonda. Au ndiyo mnaniambia nimekaa sana?"

Nikasema hapana, mama, nimeupeleka kufuliwa. Mke wangu akauliza tangu lini mto unafuliwa na foronya inabaki. Nikakumbuka nina madaftari ya kusahihisha uani.

Alhamisi, 6 Machi

Theluji ya feni imefutwa. Mpango mpya: majibu ya pamoja. Mimi nauliza, wao wanaitikia. Harufu? Sabuni! Ladha? Chumvi! Kama kwaya. Isipokuwa Kwanini, aliyefumba mdomo kama kufuli. Baadaye akaomba kitabu akasome nyumbani. Nikampa haraka, labda kitampunguzia maswali.

Ajabu, wengine nao wakaomba. Na wakati wa mapumziko nimewakuta kama kumi wamejibanza kwenye ngazi, vichwa vimegongana juu ya kitabu, wananong'ona. Waliponiona wakanyamaza. Hiyo ndiyo heshima.

Ila kwa usalama nimemwomba Jirani amkaribishe Kwanini darasani kwake kesho asubuhi, ili binti apanuke mawazo. Amekubali bila hata kuuliza sababu. Ana moyo mzuri akiamua.

Ijumaa, 7 Machi

Mkaguzi ni mama mrefu, miwani kwenye kamba shingoni. Mwalimu Mkuu akamtambulisha: amesoma nchi za baridi, miaka minne. Miaka minne! Lakini kwaya ilikuwa tayari, nikauliza harufu. Wachache wakasema sabuni, macho chini. Mkaguzi akaandika kitu.

Ndipo mlango ukafunguka. Kwanini, kitabu kwapani. Jirani kamrudisha, eti amemuuliza maswali kumi na saba tangu kengele ilipolia.

Akamwamkia mkaguzi vizuri, shikamoo na kila kitu. Kisha akanigeukia.

"Samahani, mwalimu. Si sabuni."

"Umejuaje?" akauliza mkaguzi.

"Ukurasa wa tisa. Mtoto ametoa ulimi, theluji inamwangukia. Wameandika inayeyuka inakuwa maji. Sasa kama ni maji, sabuni imetoka wapi?"

"Na haipigi kelele!" akadakia mwingine. "Ukurasa wa kumi na mbili, wameamka wakakuta imeshaanguka. Hawakuisikia!"

Darasa likalipuka. Kurasa zinafunuliwa, vidole vinaonyesha, kila mmoja ana kosa langu mkononi. Wakafika hata kwenye ukungu, ambao nilisema ni moshi wa barafu. Na yule wa dawati la mwisho, ambaye tangu Januari hajamaliza sentensi bila kukwama, akasimama akasoma ukurasa mzima. Mzima! Ili kunipinga tu. Nikajikuta nafuta macho. Nadhani ni sufi.

Mkaguzi akavua miwani.

"Mwalimu, wewe theluji umewahi kuiona?"

Macho themanini na mawili yakanigeukia. Uongo ulikuwepo mdomoni, umeshavaa viatu. Sijui kwa nini haukutoka.

"Barafu tu, mama," nikasema. "Kwenye samaki."

Alicheka mpaka akaegemea ubao. Watoto nao. Kwanini hakucheka. Alinisogezea kitabu, akanionyesha pa kuanzia kusoma.

Jumatatu, 10 Machi

Cheo na ufunguo amepewa Jirani. Sawa. Mtu mwenye chati nyingi anahitaji kabati.

Lakini ripoti imesomwa mbele ya walimu wote! Mkaguzi anasema hajawahi kuona watoto wa umri ule wakirudi kitabuni wenyewe kutafuta ushahidi, na shule zote zijifunze kwa Pili A. Nikasimama kupokea makofi. Mwalimu Mkuu akasema makofi ni ya watoto. Nikapokea kwa niaba yao, nikainama mara mbili.

Saa ya chai nimeandika kurasa nne, zenye kichwa kwa herufi kubwa: MBINU YA KUKOSEA KWA MAKUSUDI. Nimempelekea Mwalimu Mkuu, nikamweleza niko tayari kuwafundisha walimu wa wilaya nzima. Akaniuliza kama kweli makosa yale yalikuwa ya makusudi.

Nikasema yote, mkuu, tangu lile la kwanza.

Ameziweka kurasa zangu chini ya kikombe chake cha chai, akatazama dirishani. Nadhani anawaza ukumbi gani utatutosha.